Kwa nini surua humpata mtoto mara moja, lakini malaria humrudia

MZAZI ambaye mtoto wake ameugua surua na kupona hana sababu ya kuhofia kwamba ugonjwa huo utamrudia. Lakini mzazi huyo huyo anaweza kumpeleka mtoto wake zahanati mara tatu au nne katika mwaka mmoja kwa sababu ya malaria, akapewa dawa, akapona, na baada ya miezi michache homa ikaanza upya.

Wapo wanaodhani kwamba dawa alizopewa hazifai. Wengine husema mtoto ana "malaria sugu" iliyojificha mwilini, au kwamba damu yake ni dhaifu. Ni kweli kwamba dawa zinaweza kushindwa, hasa zisipotumiwa kwa kipimo kamili, lakini mara nyingi sababu huwa ni nyingine kabisa. Kinga ya mtoto huyo haikuzembea. Ilijifunza kumtambua adui aliyekuja mara ya kwanza, na aliyekuja mara ya pili alikuwa na sura tofauti.

Sura hiyo ndiyo wataalamu wanayoiita antijeni, na tofauti kati ya antijeni za surua na zile za malaria inaeleza mengi kuhusu nani huugua, nani hufa, na kwa nini chanjo ya surua ilipatikana miaka ya 1960 ilhali ile ya malaria ilisubiri hadi karne hii.

Kinga inavyotambua

Kinga ya mwili haimtambui mdudu wa maradhi kwa umbo lake zima. Inachokitambua ni vipande vidogo vilivyo juu ya gamba lake, aghalabu protini au sukari. Vipande hivyo ndivyo antijeni. Miongoni mwa chembe nyeupe za damu zimo ambazo kila moja huzaliwa na kipokezi cha umbo la peke yake, mfano wa fungi nyingi zilizochongwa kabla ya kufuli kujulikana. Chembe ambayo kipokezi chake kinaoana na antijeni iliyoingia huzaliana kwa wingi na kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazomnasa mdudu huyo na kumzuia au kumweka alama ili aangamizwe.

Kazi hiyo huchukua siku kadhaa, na ndizo siku ambazo mgonjwa huwa kitandani. Maambukizi yakiisha, baadhi ya chembe hizo hubaki mwilini kama kumbukumbu. Mdudu yule yule akirudi, hukutana na jeshi ambalo tayari linamjua.

Kumbukumbu hiyo inaweza kudumu maisha yote. Mwaka 1846 surua ilizuka katika visiwa vya Faroe, kaskazini mwa bahari ya Atlantiki, na daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, akatumwa huko. Watu wapatao 6,000 kati ya wakazi wasiozidi 8,000 waliugua. Hata hivyo, Panum aligundua kwamba wazee waliokuwa wamewahi kuugua surua katika mlipuko wa mwaka 1781 hawakupatwa tena, ingawa miaka 65 ilikuwa imepita na katika muda huo visiwa hivyo havikuwa na surua.

Wazee hao walinusurika kwa sababu kirusi cha surua hakijui kubadili sura. Protini anayoitumia kuingia katika chembe za binadamu ikibadilika sana, hawezi tena kuingia. Ndiyo maana chanjo iliyotokana na kirusi kilichopatikana mwaka 1954 bado inawalinda watoto hadi leo. (Surua, ambayo nchini Kenya huitwa pia ukambi, isidharauliwe kwa sababu hiyo: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kwa watoto wasiochanjwa, ugonjwa huo unaweza kufuta kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya maradhi mengine.)

Kanga sitini katika sanduku moja

Kimelea cha malaria ni kiumbe wa namna nyingine. Anayeua zaidi barani Afrika ni yule aitwaye plasmodiamu falsiparamu. Mbu jike aina ya anofelesi anapouma, vimelea huingia kupitia mate yake na kwenda kwenye ini. Baada ya wiki moja hivi hutoka huko kwa maelfu na kuvamia chembe nyekundu za damu. Kila baada ya takribani saa 48 chembe hizo hupasuka, vimelea wapya humwagika, na mgonjwa hutetemeka kwa homa.

Kujificha ndani ya chembe nyekundu ni ujanja mkubwa, kwa kuwa chembe hizo hazina uwezo wa kuonyesha nje kilichomo ndani yake, kama zinavyoweza chembe nyingine nyingi za mwili. Lakini kimelea ana tatizo. Chembe aliyomo huwa ngumu na kupoteza umbo lake la kawaida, na bandama, ambayo kazi yake mojawapo ni kuchuja chembe mbovu, ingeiondoa mara moja. Ili kuikwepa bandama, kimelea hutengeneza protini inayochomoza juu ya chembe kama ndoana, ikashikilia ukuta wa mshipa mwembamba wa damu. Protini hiyo hujulikana kwa kifupi kama PfEMP1.

Ndoana hiyo humwokoa na kumfichua kwa wakati mmoja. Ikiwa nje ya chembe, nayo ni antijeni, na kinga huiona na kuitengenezea kingamwili.

Hapo ndipo kimelea anapoonyesha alichonacho. Mwaka 1995 makundi ya watafiti yaligundua kwamba ana jeni nyingi za kutengeneza protini ya aina hiyo, kila jeni ikitoa umbo lake. Orodha kamili ya jeni za kimelea ilipochapishwa mwaka 2002, ilionekana kwamba jeni hizo ni takribani 60. Ni kama mwanamke mwenye sanduku la kanga 60 ambaye huvaa moja tu kwa wakati, nyingine zikabaki zimekunjwa. Kingamwili zinapofika na kuwaangamiza vimelea wote waliovaa kanga ya kwanza, wachache ambao wamekwisha kubadili huponyoka, huzaliana, na mzunguko huanza upya.

Na si sanduku moja. Vimelea huchanganya jeni zao ndani ya tumbo la mbu, hivyo sanduku la kimelea aliyemuuma mtoto mwezi Machi huenda lisifanane na la yule wa mwezi Juni. Katika wilaya moja yenye malaria nyingi, aina za antijeni hizo ni maelfu.

Ushahidi kwamba hivyo ndivyo mambo yanavyokwenda katika damu ya mtoto ulipatikana Kilifi, pwani ya Kenya, katika kituo ambacho Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini humo (KEMRI) inakiendesha pamoja na wabia wa Uingereza. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998, watafiti walilinganisha vimelea waliowaugua watoto na kingamwili ambazo watoto hao walikuwa nazo kabla ya kuugua. Ilibainika kwamba mtoto huugua hasa kutokana na vimelea wenye sura ambazo damu yake haijawahi kuzijua. Akishapona, anakuwa na kingamwili dhidi ya sura hiyo. Tundu moja limezibwa, na mengine mengi yamebaki wazi.

Kinga inayojengwa kidogo kidogo

Kuziba matundu hayo huchukua miaka, na mpangilio wake unafahamika vyema katika maeneo yenye malaria ya mara kwa mara. Katika miezi ya mwanzo, mtoto mchanga hulindwa kwa kiasi fulani na kingamwili alizopewa na mama yake akiwa tumboni. Akiba hiyo ikiisha, huingia katika kipindi cha hatari kuliko vyote. Baadaye hupata kwanza kinga dhidi ya malaria kali inayoua, kisha, akiwa mkubwa zaidi, dhidi ya homa yenyewe. Kinga ya kuwazuia vimelea wasiingie kabisa huwa haipati. Ndiyo maana mtu mzima wa kijijini anaweza kukutwa na vimelea katika damu huku akiwa shambani analima kama kawaida.

Kwamba ulinzi huo umo katika damu ilithibitishwa nchini Gambia mwaka 1961. Sydney Cohen na Ian McGregor, pamoja na wenzao, walichukua kingamwili kutoka katika damu ya watu wazima waliozoea malaria na kuwachoma sindano watoto wagonjwa. Vimelea katika damu ya watoto hao walipungua sana na homa ikashuka. Kile ambacho watu wazima walikuwa wamekilipia kwa miaka mingi ya homa, watoto walikipata kwa siku chache, japo kwa muda tu.

Gharama ya shule hiyo ni kubwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2023 malaria iliua watu wapatao 597,000 duniani. Asilimia 95 ya vifo hivyo vilitokea katika kanda ya Afrika ya shirika hilo, na takribani robo tatu ya waliokufa katika kanda hiyo walikuwa watoto chini ya miaka mitano.

Kwa wakazi wa mijini lipo jambo jingine la kuzingatia. Kinga ya malaria haifanani na ya surua hata katika kudumu. Hufifia mtu asipoumwa na mbu wenye vimelea kwa muda mrefu. Mtoto aliyezaliwa na kukulia Nairobi, ambako kwa sababu ya mwinuko na baridi malaria ni chache, huenda kwa bibi yake kando ya Ziwa Victoria akiwa mgeni mbele ya vimelea sawa na mtalii, hata kama baba yake alikulia huko. Aliyeishi Ulaya miaka mingi naye hurudi nyumbani akiwa amepoteza sehemu kubwa ya alichokuwa nacho. Nchini Uingereza, wengi wa wanaogundulika kuwa na malaria ni watu waliosafiri kwenda Afrika kuwatembelea jamaa zao, na wengi wao hawakutumia dawa za kinga wakiamini kwamba malaria ni ugonjwa waliouzoea.

Mimba ya kwanza

Kwa muda mrefu madaktari walishangazwa na jambo moja. Mwanamke aliyekulia katika eneo la malaria na kufikia utu uzima akiwa na kinga imara, akishika mimba ya kwanza huanza kuugua tena. Vimelea hujaa katika kondo la nyuma, mama hupungukiwa damu, na mtoto huzaliwa na uzito mdogo. Katika mimba ya pili hali huwa nafuu, na katika ya tatu nafuu zaidi. Maelezo ya kawaida yalikuwa kwamba ujauzito hudhoofisha kinga. Lakini kama ni udhaifu, kwa nini mimba ya nne isiudhoofishe mwili kama ya kwanza?

Jibu lilianza kupatikana Kisumu, magharibi mwa Kenya. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy walionyesha kwamba vimelea wanaokaa katika kondo hunata kwenye sukari ya namna fulani iliyo tele humo, na kwamba vimelea hao hawanati kama wale wanaopatikana kwa watu wasio wajawazito. Baadaye ilifahamika kwamba wanatumia kanga moja mahususi kutoka katika lile sanduku, ambayo wataalamu huiita VAR2CSA. Msichana hajawahi kuwa na kondo, kwa hiyo vimelea waliovaa vazi hilo hawakuwahi kupata pa kushika ndani ya mwili wake, na kinga yake haikupata nafasi ya kuwajua. Mimba ya kwanza ndiyo darasa la kwanza.

Ufahamu huo umewezesha kubuniwa kwa chanjo mbili za majaribio zilizotengenezwa kutokana na antijeni hiyo, ambazo matokeo ya hatua za mwanzo kwa binadamu yalichapishwa mwaka 2019 na 2020. Hadi chanjo ya namna hiyo itakapokamilika, kinachomlinda mjamzito ni chandarua chenye dawa na vidonge vya SP anavyopewa kliniki, na anayevihitaji kuliko wote ni yule ambaye hajawahi kuzaa.

Moto unaounguza nyumba

Sehemu ya madhara ya malaria hutoka kwa kinga yenyewe. Chembe zinapopasuka, kinga hutoa kemikali za kuamsha mapambano, na kemikali hizo ndizo zinazopandisha joto la mwili. Zikizidi huweza kumdhuru mgonjwa, na watoto wenye malaria ya ubongo, ile inayoambatana na degedege na kupoteza fahamu, walikutwa na viwango vikubwa vya mojawapo ya kemikali hizo iitwayo TNF.

Ilionekana basi kwamba dawa ya kuizima TNF ingeokoa maisha. Ilijaribiwa nchini Gambia kwa watoto 610 wenye malaria ya ubongo, na matokeo yakatolewa mwaka 1996. Homa ilipungua, lakini vifo havikupungua, na miongoni mwa walionusurika, waliobaki na ulemavu wa ubongo walikuwa wengi zaidi katika kundi lililopewa dawa hiyo.

Antijeni za binadamu mwenyewe

Mapambano haya yameacha alama hata katika damu ya watu. Chembe nyekundu za binadamu nazo zina antijeni zake, na zinazojulikana zaidi ni zile za makundi ya damu ya A na B, yaliyogunduliwa na Karl Landsteiner mwaka 1901. Chembe zenye vimelea hupenda kujikusanya na kunatana na chembe nzima, zikaziba mishipa midogo, na antijeni A na B husaidia kunatana huko. Mwenye kundi O hana antijeni hizo. Utafiti uliofanywa Mali na kuchapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba watoto wa kundi O walikuwa na hatari ndogo ya kupata malaria kali. Hawakukingwa dhidi ya kuugua, bali dhidi ya kuzidiwa.

Antijeni nyingine, iitwayo Duffy, ndiyo mlango mkuu wa aina nyingine ya kimelea, plasmodiamu vivaksi, anayesumbua sana Asia na Amerika ya Kusini. Wengi wa watu wa Afrika Magharibi na ya Kati hawana antijeni hiyo katika chembe zao nyekundu, na mwaka 1976 ilithibitishwa kwamba hiyo ndiyo sababu vivaksi ni adimu sana kwao.

Kipimo nacho husoma antijeni

Kipimo cha haraka kinachotumika zahanati nyingi, kile cha tone la damu na mistari miwili, hakimtafuti kimelea mwenyewe. Kinatafuta antijeni yake, mara nyingi ile iitwayo HRP2, na antijeni hiyo huweza kubaki katika damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Hivyo mtu aliyemaliza dawa juzi na kupimwa tena leo anaweza kuonekana bado ana malaria ilhali amepona. Bila shaka baadhi ya kesi za "malaria sugu" zilizaliwa hivyo. Kwa upande wa pili, wapo vimelea waliopoteza jeni ya kutengeneza HRP2, na kipimo huwapita bila kuwaona. Eritrea ililazimika kubadili aina ya vipimo vyake mwaka 2016 kwa sababu hiyo.

Chanjo inatafuta sura isiyobadilika

Watengenezaji wa chanjo walikwepa sanduku la kanga 60 kwa kumwahi kimelea mapema zaidi, akiwa ndiyo kwanza ametoka katika mate ya mbu na hajafika kwenye ini. Wakati huo amefunikwa na protini moja tu. Kipande cha protini hiyo kiliunganishwa na antijeni ya kirusi cha homa ya ini aina ya B na kuwa chanjo ya RTS,S, iliyoanza kubuniwa mwaka 1987. Ilijaribiwa kati ya mwaka 2009 na 2014 kwa watoto 15,459 katika nchi saba za Afrika, zikiwamo Tanzania, katika vituo vya Bagamoyo na Korogwe, na Kenya, katika vituo vya Kilifi, Siaya na Kombewa. Kwa watoto walioanza kuchanjwa wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17 na kupata dozi nne, ilipunguza malaria kwa asilimia 36 katika miaka minne.

Sababu mojawapo ya ulinzi huo kuwa wa wastani ilionekana mwaka 2015, vimelea waliowapata watoto wa majaribio hayo walipochunguzwa. Protini hiyo nayo hutofautiana kidogo kati ya kimelea na kimelea. Katika mwaka wa kwanza, chanjo ilizuia takribani asilimia 50 ya malaria iliyoletwa na vimelea waliofanana na sura iliyomo katika chanjo, na asilimia 33 tu ya ile iliyoletwa na wasiofanana nayo. Walio wengi hawakufanana nayo.

WHO iliidhinisha RTS,S kwa matumizi mapana Oktoba 2021 na chanjo ya pili, R21, Oktoba 2023. R21 imejengwa juu ya protini ile ile, ila ina vipande vyake vingi zaidi. Katika majaribio yaliyohusisha pia Bagamoyo na Kilifi, ilipunguza malaria katika mwaka wa kwanza kwa asilimia 75 pale ilipotolewa kabla ya msimu wa malaria, na kwa asilimia 68 pale ilipotolewa kwa kufuata umri wa mtoto.

Wakati huo huo, watafiti wamerudi kwenye damu kutafuta antijeni ambayo kimelea hawezi kuibadili. Mwaka 2011 iligunduliwa kwamba vimelea wote wa falsiparamu waliochunguzwa hulazimika kutumia protini iitwayo RH5 ili kuingia katika chembe nyekundu. Haitofautiani sana kutoka kimelea hadi kimelea, lakini huonekana kwa muda mfupi mno: kimelea akitoka katika chembe moja huingia nyingine kwa chini ya dakika moja, na hata watu walioishi na malaria miaka mingi huwa na kingamwili chache dhidi yake. Chanjo ya kwanza ya RH5 kujaribiwa Afrika ilitolewa Bagamoyo na Taasisi ya Afya ya Ifakara, na matokeo yake ya mwaka 2023 yalionyesha kwamba watoto wachanga walitengeneza kingamwili nyingi kuliko watu wazima. Chanjo ya aina hiyo iliyofanyiwa marekebisho nayo ilijaribiwa kwa watoto nchini Burkina Faso, na kwa waliopata dozi ya tatu baada ya kusubiri miezi kadhaa ilipunguza malaria kwa asilimia 55 katika miezi sita.